Imeingia, Baba

Ticha hakuwahi kufungua robota la juu. Laobani, ndivyo sote tulivyowaita wenye maduka wa mtaa wa Guangyuan Xilu, Guangzhou, alikuwa akitutandazia la juu kwa tabasamu, suruali zimekunjwa zikakunjika, uzi haujachomoza hata mmoja. Ticha alipita kama hakuliona, akachutama kwa magoti yake mabovu na kugonga robota la tatu kutoka chini. "Hili." Laobani aliapa kwa lugha yake kwamba yote ni mamoja. Ticha akatikisa kichwa. "Hili, laobani." Basi wapagazi wakaanza kushusha huku wamenuna, na mimi nimesimama pembeni naona haya kama mtu aliyekuja sokoni na baba mkwe mkorofi. Robota likifunguliwa, alitoa mfukoni utepe wa fundi cherehani, akapima viuno vya suruali kumi na kuandika. Katika safari zangu za mwanzo mara mbili tulikuta suruali zenye namba thelathini na mbili lakini kiuno cha ishirini na tisa. Hizo ningemuuzia nani Kariakoo? Tangu hapo nikaacha kuona haya.

Tulimwita Ticha kwa sababu aliwahi kufundisha hesabu sekondari huko Morogoro, na kwa sababu hakuwahi kuacha kufundisha. Nilipomfahamu alikuwa ameshakaa Guangzhou miaka mingi, ajenti wa watu kama mimi. Sisi tunakuja wiki mbili, tunanunua, tunajaza kontena na kurudi kulalamikia joto la nyumbani. Yeye anabaki. Alitusindikiza mpaka kituo cha treni ya uwanja wa ndege, akasimama upande wa pili wa geti hadi tupotee, na sikuwahi kujiuliza akitoka pale anakwenda wapi. Nasema ukweli, sikujiuliza. Mtu akikusaidia sana unamwona kama ngazi, unapanda tu.

Daftari zake zilikuwa mbili, kaunta buku zenye jalada gumu. La kwanza lilikuwa la viwanda: nani wa Xintang, mji wa viwanda vya jinzi, alichelewesha mzigo, nani alichanganya namba, nani alisema "meiyou", hamna, huku mali imejaa nyuma ya pazia. La pili lilikuwa la mpira. Ticha alikuwa anabeti.

Najua unavyofikiri, maana nami nilifikiri hivyo hivyo. Mimi sibeti; niliolewa mara moja, ikatosha. Lakini sijaona mtu aliyebeti vile. Kila mechi aliyoichezea ilikuwa na mstari wake: tarehe, timu, odi, yaani utalipwa mara ngapi ukipatia, kiasi alichoweka, na matokeo. Mwisho kabisa kulikuwa na safu aliyoipenda kuliko zote, ameiandika juu kwa wino mwekundu: Sababu. Hapo aliandika herufi moja tu, T au H. T ni takwimu, H ni hisia.

"Hisia iandikwe, isitumike," alikuwa akisema. "Ukiitumia, angalau iandike, ujue nani alikuibia."

Kila mwisho wa mwezi alizijumlisha, T mbali na H mbali. H zilimfilisi mwaka hadi mwaka. T zilimla pia, ila taratibu, kama panya anavyokula gunia. Alinionyesha bila kuficha. Nikamuuliza, sasa Ticha, kama hesabu yenyewe inakuambia unafungwa, unaendelea kwa nini? Akanitazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali la mtihani wa wiki ijayo. "Kujua unafungwa kiasi gani nako ni elimu," akasema, akabadilisha mazungumzo.

Alikuwa na sheria, na sheria zake tulizijua hata sisi tusiobeti, kwa sababu alitufundishia biashara kwa hizo hizo. Ya kwanza ni mbili kwa mia: katika kila mia uliyonayo, mchezo mmoja usile zaidi ya mbili. "Usiweke mzigo wote kwenye kontena moja" ilikuwa sheria ile ile imevaa nguo nyingine. Ya pili, ukifungwa, kunywa maji, subiri kesho. Anayetaka kurudisha leo kilichokwenda leo ataongeza na cha kesho. Ya tatu ilihusu mkeka. Mkeka ni pale unapounganisha timu nyingi kwenye tiketi moja ili ulipwe nyingi, na moja tu ikiharibu, mkeka mzima umechanika. Vijana wetu waliokuja kununua simu na spika walipenda mikeka ya timu kumi, kumi na mbili. Ticha aliwacheka. "Hayo ni maombi," alisema, "na kwa maombi kuna kanisa."

Safari moja kundi letu lilivuka kwenda Macau kutembea mchana, likaingia kasino. Ticha alivuta kiti karibu na meza ya gurudumu linalozungushwa kigololo, akafungua daftari, akaandika kila namba iliyotoka, tangu tulipofika hadi tulipochoka na kuondoka. Hakuweka hata senti. Msichana wa pale alimletea maji ya bure mara tatu. Wenzetu wawili walitoka hapo hawana nauli, na Ticha akawalipia. Njiani mmoja wao akamuuliza ameona nini kwenye namba zake.

"Sijaona kitu," akasema. "Namba hazijui namba zilizopita. Ila nimemwona mwenye meza. Hashindani na nyinyi hata kidogo. Anakaa, anasubiri. Asiyechoka kusubiri ndiye mwenye mchezo."

Maneno hayo niliyakumbuka baadaye sana, mahali ambapo sikutarajia.

Kwa kuwa nchi ya watu ina sheria zake na kubeti kule hakuruhusiwi, Ticha hakugusa mchezo wowote wa China. Mechi zake zote ziliwekwa nyumbani, na aliyeziweka ni binti yake. Huyu alikuwa mtoto wake pekee. Mkewe alifariki binti akiwa mdogo, na binti alipofika darasa la tano Ticha akamwacha kwa shangazi yake Morogoro, akaja kutafuta. Alipofikisha umri wa kuruhusiwa kwenye vibanda vya kubeti, Ticha akampa kazi. Kila mwezi alimtumia fungu la mchezo, mbali na la matumizi. Kila Jumamosi saa tano asubuhi ya nyumbani, ambayo kwetu kule ni saa kumi jioni, alimwandikia timu, odi na kiasi. Binti angekwenda kibandani kuweka, kisha angejibu maneno yale yale: "Imeingia, baba." Jumapili alileta matokeo na kusema fungu limebaki kiasi gani. Ushindi haukutolewa, ulibaki humo humo.

Na Ticha alikuwa ameahidi kitu. Alimwahidi binti, akatuambia na sisi, kwamba kaunta buku moja zima likifungwa lina faida, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, atafunga na mizigo na kurudi nyumbani moja kwa moja. Tulimtania. Tulimwambia Ticha, kwa mwendo huo utazikwa Xintang ndani ya robota la jinzi. Alicheka. Lakini nilishamwona akifika ukurasa wa mwisho wa daftari. Alijumlisha mara mbili, akafunga jalada, akaenda kununua jingine.

Mara moja alirudi, shangazi alipofariki. Alikaa siku tisa. Nilipomkuta tena Guangzhou nikampa pole na kumuuliza habari za nyumbani. Alikuwa anakunywa uji wa wali kwenye kibanda chini ya ngazi, na alikoroga uji ule mpaka ukapoa.

"Ananiamkia, shikamoo baba. Namjibu, marahaba. Halafu tunanyamaza," akasema. "Siku tisa, Mama Neema. Mimi niliyefundisha darasa la watu sitini, nimekosa la kumwambia mtoto mmoja. Nikapanda ndege. Jumamosi ikafika, nikamtumia timu, akaniandikia imeingia baba, nikaona sasa tunaongea."

Nilimwambia atazoea. Watu husema hivyo wanapotaka kuondoka.

Huu ndio mgongano uliokuwa ndani yake. Mtu aliyefahamu kiuno cha kila suruali ya Guangyuan hakufahamu cha binti yake. Safari moja alitaka nimpelekee jinzi, nikamuuliza namba ngapi. Alisimama na utepe wake shingoni, akatazama zile rafu kwa muda. Kisha akachukua tatu za rangi moja, thelathini, thelathini na mbili, thelathini na nne. "Mojawapo itamkaa," akasema. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Kabla sijasimulia nilivyozifikisha, niseme kilichokuwa kimeanza kutokea, maana nilikwenda Morogoro nikiwa nimemkasirikia. Kwa muda wa kama miaka miwili Ticha alikuwa ameharibika. Yule mtu wa mbili kwa mia alianza kutuma mikeka ya timu kumi na tano. Alizibeba timu ambazo hata mimi nazijua kwamba hazifungi. Vijana wa simu na spika, ambao kwa miaka walimfuata alichochagua, walimfuata na huko wakachanika mara nne mfululizo. Mmoja alimtukana mbele ya watu, pale pale kwenye lifti ya mizigo. "Mzee, akili ni nywele na wewe una kipara," akamwambia. Wakacheka. Ticha naye akacheka, akashikilia mlango wa lifti mpaka wote wakatoka. Baada ya hapo waliacha hata kumpa kazi ya mizigo, kana kwamba asiyejua mpira hawezi kujua na jinzi. Nikalichungulia daftari lake siku moja akiwa chooni. Safu ya Sababu ilikuwa tupu, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna T wala H. Nikajua mzee anaumwa.

Binti yake alinipokea vizuri. Ana mwendo wa baba yake, wa kupima. Anauza kwenye duka la dawa. Alizijaribu zile suruali chumbani, akatoka amevaa ya thelathini na nne, akageuka mbele yangu kidogo kwa aibu. "Mwambie hii imenikaa, shangazi." Chai ilipokwisha akasema ana kitu cha kunionyesha, tukatembea mpaka nyuma ya shule ya hapo mtaani.

Kulikuwa na nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma, bati jipya, vyumba viwili na sebule. Dirisha moja lilikuwa bado na mbao. Akafungua chumba cha upande wa kulia. Ndani hamkuwa na kitu ila meza na kiti kimoja. "Hiki cha baba," akasema. "Meza ni ya daftari zake."

Nikamuuliza amejengaje kwa mshahara wa duka la dawa. Akakaa kwenye kile kiti.

"Shangazi, mimi sijawahi kuweka hata mechi moja. Siku ya kwanza nilifika kibandani nikapanga foleni. Mbele yangu alikuwepo mwalimu wangu wa darasa la saba, amevaa ndala, anahesabu sarafu zake za mwisho. Nikarudi. Hela ya baba nikaitia kwenye kopo. Nikamwandikia imeingia. Nilipanga Jumatatu nimwambie ukweli. Jumapili timu yake ikafungwa, nikaona, aa, si hela imebaki? Ikawa hivyo. Akifungwa, naweka. Akishinda, namhesabia ushindi wake kutoka kwenye kopo hilo hilo, kama kibanda. Kwa sababu anaweka mbili tu kwa mia, sikuwahi kukwama. Sheria zake mwenyewe ndizo zilizonilinda."

Nikakumbuka yule mwenye meza wa Macau.

"Nasubiri iishe madirisha nimwambie, njoo, na hii ndiyo faida ya daftari," akaendelea. "Ila siku hizi baba anabeti kama mlevi. Anafungwa karibu kila wiki. Matofali yamepatikana, sikatai, lakini nalala naogopa. Anaumwa? Shangazi, niambie ukweli."

Nilimwambia sijui. Akaniapisha nisimwambie baba yake habari za nyumba, nikaapa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi sasa nilikuwa nimeshakuwa kata.

Nilirudi Guangzhou mwezi wa tatu, ule wakati kuta za kule zinatoka jasho na nguo haikauki. Ilikuwa Jumamosi. Ticha alikuwa amehamia chumba kidogo zaidi, ghorofa ya sita, juu ya ghala la mabegi. Nilipanda ngazi nimejiandaa kumgombeza. Chumba kilikuwa kisafi kwa namna inayouma: sahani moja, kikombe kimoja, jozi moja ya vijiti. Daftari zote za mpira zimepangwa ukutani kwa miaka. Alifuta unyevu kwenye kiti kwa mkono wa shati lake, nikakaa.

"Thelathini na nne," nikamwambia kabla ya yote.

Alichukua kalamu, akaiandika kwenye jalada la ndani la daftari. Halafu akaitazama kwa muda mrefu kuliko namba ile ilivyohitaji.

Nikaanza kumsema. Nikamwambia anajiaibisha, vijana wanamcheka, mikeka ya timu kumi na tano si yeye. Nikamwambia binti ana hofu. Nilipoishiwa, akashusha daftari mbili za zamani na kuzifungua mbele yangu.

"Soma hapa. Hapa nimeshinda. Na hapa. Na hapa." Alifuata kwa kidole. "Nilicholipwa umekiona? Kamili. Mama Neema, wewe ni mfanyabiashara. Ulishaona wapi serikali yetu ikaacha kukata kodi ya ushindi? Nimeshinda miaka yote hii, haijanikata hata shilingi. Na odi vilevile. Odi hupanda na kushuka kama bei ya hapo chini, lakini zangu zimesimama pale pale nilipoziandika. Hakuna kibanda cha namna hiyo duniani. Kibanda hicho ni mwanangu."

Nadhani uso wangu ulimjibu.

"Usiseme kitu. Naona umeapishwa," akasema. "Mimi nimejua miaka miwili sasa. Sijui hizo hela anazifanyia nini, na sitaki uniambie. Ila nilipojua, nikaona kila nikishinda, mtoto anadaiwa na baba yake. Nikifungwa, zinabaki kwake. Basi nikaanza kutafuta kufungwa. Si rahisi, ujue. Kuna wiki mkeka wa timu kumi na tatu uliingia wote, nikaugua siku mbili."

"Ndiyo maana Sababu ni tupu?"

"Ningeandika nini?"

Nikalia. Sina haja ya kulificha hilo. Nililia kwa ajili ya lifti ile, alivyowashikia mlango waliokuwa wakimcheka. Kisha nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza miaka tisa nyuma. Kama anajua fungu lipo, na kama daftari lenyewe halina maana tena, kwa nini hapandi ndege akaenda kwao?

"Nikirudi mchezo umekwisha," akasema. "Na Jumamosi zimekwisha. Tutakaa sebuleni, shikamoo, marahaba. Hapa angalau kila wiki nina uhakika wa maneno mawili."

Nje wapagazi walikuwa wakiburuta marobota kwenye lami, sauti inapanda hadi juu. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi. Alichukua simu kama kawaida yake, akaweka miwani, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Aliandika muda mrefu. Akafuta, akaandika tena. Kisha akanipa simu nisome kabla hajatuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Hapakuwa na timu. Aliandika: "Weka hii. Baba kurudi nyumbani kabla ya Pasaka. Fungu lolote. Odi panga wewe."

"Hiyo odi panga wewe," nikamwambia, "atajua kwamba unajua."

"Ndiyo," akasema, akatuma.

Binti hujibu baada ya dakika ishirini, ule muda aliojipangia wa kwenda kibandani na kurudi. Ticha alinieleza hivyo akiwa anapanga daftari zilizokuwa zimeshapangwa. Dakika ishirini zikapita. Akachemsha maji, akaninywesha kwenye kikombe, yeye akanywea kwenye mfuniko wa chupa. Nusu saa. Akasema labda duka lina wateja. Dakika arobaini na tano. Akasema, "H hiyo. Nilijua ni H," akalifunga daftari, na sura yake ikawa ya mtu anayesubiri niondoke ili abaki kama alivyozoea. Nikaona nisiondoke.

Simu ikalia. Akaivuta, akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha. Akanipa. "Miwani hii imeingia mvuke," akasema, "nisomee."

Nikamsomea. "Imeingia, baba. Najua sheria ni mbili kwa mia. Hii nimeweka yote."

Alilifungua tena daftari. Aliandika tarehe, akaandika mchezo, kwenye odi akachora mstari. Kalamu ikafika kwenye Sababu, ikasimama hapo, na akaanza kutafuta chumba kizima lile begi alilokuja nalo kutoka nyumbani.